Picha ya habari: isiguswe, irekebishwe, au ibadilishwe na kutangazwa?

Januari 2020, wanaharakati vijana watano wa mazingira walijipanga mbele ya kamera huko Davos, Uswisi. Picha iliyosambazwa na shirika la habari la Associated Press (AP) ilikuwa na wanne. Aliyekosekana ni Vanessa Nakate wa Uganda, Mwafrika pekee kati yao. Hakuna aliyemfuta kwa programu. Alikuwa amesimama ukingoni, nyuma yake kuna jengo, na mpigapicha akaona jengo lile linaharibu mpangilio wa picha, akakata. Nakate alipouliza hadharani kwa nini ameondolewa, AP ilitoa maelezo, baadaye mhariri wake mkuu akaomba radhi.

Nimeanza na kisa hiki makusudi. Kukata kingo kunaruhusiwa na karibu kila mwongozo wa picha za habari, hata ule mkali kuliko yote. Anayetafuta kanuni ya kuhariri picha ajue hilo mapema: kanuni itamwambia kifaa gani kishikwe na kipi kiachwe, lakini nani hapaswi kutoka pichani ni uamuzi wa mhariri mwenye macho yake. Hata hivyo kanuni inahitajika. Chumba cha habari kisicho nayo hubishana upya kila picha inapozua utata, na kwa kawaida mabishano hayo huja mtambo wa kuchapa ukiwa umeshaanza kusubiri.

Njia zinazofuatwa ni nyingi, ila nyingi ni ndugu wa damu. Ukizipanga utapata tatu: picha isiguswe kabisa, picha irekebishwe kwa mipaka ya chumba cha giza cha zamani, kile cha kusafishia filamu, au picha ibadilishwe na msomaji aambiwe. Sioni mojawapo inayofaa kila mahali, na nitajaribu kutoipendelea yoyote, ingawa mahali pamoja au pawili utaona nimeelemea upande.

Tutapima kwa vigezo gani

Kwanza, ahadi kwa msomaji: akiitazama picha, ana haki ya kudhani nini? Pili, ukaguzi: mtu akitilia shaka kesho, kuna kitu cha kulinganisha nacho? Tatu, aliyemo pichani: je, kanuni inamwachia heshima yake na usalama wake? Nne, mzigo wa kazi: muda, ujuzi, na nani wa kusimamia.

Kuna jambo linaloachwa nje ya vigezo hivi kwa sababu hakuna kati ya njia hizi tatu inayoliponya. Picha inaweza kudanganya kabla haijafika kwenye kompyuta. Mwaka 1863, baada ya vita vya Gettysburg huko Marekani, Alexander Gardner na wenzake walihamisha maiti ya askari wakailaza mahali palipopendeza zaidi kwa picha. Vivyo hivyo maelezo ya uongo chini ya picha safi huifanya picha yote kuwa ya uongo. Hayo ni makosa ya aina nyingine, na adhabu yake isitegemee kanuni uliyochagua hapa.

Njia ya kwanza: isiguswe

Picha inakwenda kama ilivyotoka kwenye kamera. Inapunguzwa ukubwa, pengine inakatwa kingo au mwanga unasawazishwa kidogo ili isomeke karatasini, basi. Novemba 2015 shirika la Reuters lilisogea upande huu lilipowataka wapigapicha wa kujitegemea waache kutuma picha zilizotengenezwa kutoka faili ghafi, lile la data ambayo kamera haijaichakata, na badala yake walete JPEG, yaani picha iliyokamilishwa na kamera, kama ilivyozaliwa humo ndani. Walitaka mambo mawili kwa mpigo: ukweli na kasi.

*Ahadi kwa msomaji.* Ni rahisi kutamka kuliko zote: hatukuigusa. Msomaji haelezwi habari za tabaka na vivuli, anaambiwa neno moja analolielewa. Shida ni kwamba neno lenyewe ni kweli nusu. JPEG si nuru mbichi. Ndani ya kamera kuna kichakataji kilichoamua weusi uwe mzito kiasi gani, ngozi iwe na rangi gani, kingo ziwe kali vipi, na uamuzi huo ulifanywa na mhandisi ambaye hakuwepo kwenye tukio. Simu ya kisasa inazidi hapo: huchukua fremu kadhaa kwa kufumba na kufumbua, ikaziunganisha, ikakupa moja. Anayesema "hatukugusa" anasema kwamba yeye hakugusa. Mashine iligusa.

*Ukaguzi.* Hapa njia hii haina mpinzani. Ukiwa na faili la kamera na picha iliyochapwa, ulinganisho ni wa dakika chache na hauhitaji bingwa. Ukaona tofauti, kuna kosa. Usipoiona, mjadala umekwisha.

*Aliyemo pichani.* Hapa ndipo inapochechemea. Sura ya shahidi haitiwi ukungu. Kidonda kinabaki kidonda. Mtoto aliyepita nyuma kwa bahati mbaya anabaki. Kanuni inakuachia hatua tatu tu: kata kingo, chagua fremu nyingine, au usiichape. AP, ambayo kwa mengine iko katika njia ya pili, katika hili imesimama na hawa: mwongozo wake unakataza kuficha sura ya mtu kwa programu. Anayetaka kumficha mtu amfiche kwa kamera, kwa kumpiga mgongo akitazama dirisha, au mikono peke yake, au kivuli chake ukutani. Ni ufundi mzuri, na picha nyingi nzuri za watu waliojificha zimetokana nao, lakini unahitaji mpigapicha aliyejua kabla ya kubonyeza kwamba huyu ni wa kufichwa. Kwenye vurugu barabarani hakuna nafasi ya kujua hilo.

*Mzigo wa kazi.* Mwepesi. Hakuna mafunzo marefu, hakuna dawati la kusimamia rangi. Gharama yake inaonekana kwenye kurasa: picha zilizopigwa dhidi ya jua zinatoka na nyuso nyeusi, na nyuso za watu weusi ndizo huumia kwanza, kwa kuwa mipangilio ya kiwandani haikuundwa na wao akilini. Mhariri anayejivunia kutogusa aangalie mara mbili ni nani anayepotelea gizani kwenye kurasa zake.

Inawafaa mashirika yanayouza picha kwa wateja wasiowajua, wapigapicha wa kujitegemea wanaotaka kuaminiwa haraka, na vyumba vidogo vya habari ambavyo havina mhariri wa picha.

Njia ya pili: mipaka ya chumba cha giza

Hii ndiyo kanuni ya magazeti mengi makubwa. Wazo lake ni kwamba kilichoruhusiwa zama za filamu na dawa za kusafishia picha kiruhusiwe kwenye kompyuta: kung'arisha sehemu iliyofifia, kutia giza iliyong'aa kupita kiasi, kurekebisha rangi iwe karibu na ilivyoonekana, kukata kingo, kuondoa alama za vumbi lililonasa kwenye kihisi cha kamera. Kuongeza au kuondoa kitu ni marufuku. AP inakwenda mbali kiasi kwamba hata yale macho mekundu yanayosababishwa na mwanga wa kamera hayaruhusiwi kusafishwa.

*Ahadi kwa msomaji.* Kila unachokiona kilikuwepo, na hakuna kilichokuwepo ndani ya fremu kilichotolewa. Mwanga umewekwa na mtu.

Hapo kwenye mwanga ndipo pana utelezi, na nitakaa hapo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 2003 chama cha wapigapicha wa magazeti wa North Carolina kilimnyang'anya Patrick Schneider wa gazeti la Charlotte Observer tuzo zake kwa sababu alitia giza mandhari ya nyuma mpaka vitu vikatoweka. Hakuongeza kitu wala hakufuta kitu kwa maana ya kawaida. Alishusha mwanga tu. Mwaka 2006 akafukuzwa kazi na gazeti hilo hilo, safari hii kwa picha ya mzimamoto ambayo anga lake lilikuwa la kijivu cha kahawia likageuzwa jekundu. Utetezi wake unastahili kusikilizwa: alisema alikuwa akirudisha rangi aliyoiona kwa macho yake, ambayo kamera ilishindwa kuishika. Kila mpigapicha anaujua ukweli ulio ndani ya maneno hayo. Kila mhariri anajua pia kwamba kumbukumbu ya mpigapicha haiwezi kuwekwa kwenye faili na kukaguliwa.

Miaka saba baadaye mzozo ukarudi katika kiwango cha juu zaidi. Picha ya Paul Hansen ya mazishi ya watoto wawili mjini Gaza ilishinda tuzo kuu ya World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, mwaka 2013, na nuru yake ikawa nzuri mno kiasi kwamba watu walidai ni picha kadhaa zilizounganishwa. Waandaaji walilipeleka faili kwa wataalamu, nao wakathibitisha kwamba ni fremu moja iliyorekebishwa mwanga na rangi. Kwa sheria, Hansen alikuwa salama. Lakini msomaji aliyeanza kushuku haambiwi tena kitu na neno "halali". Amekwisha kuona kwamba msiba umependezeshwa.

Na halafu kuna fumbo la kingo. Juni 2010 jarida la The Economist liliweka kwenye jalada picha ya Larry Downing wa Reuters: Rais Obama amesimama ufukweni Louisiana, ameinamisha kichwa, peke yake, mafuta yakimwagika baharini. Katika picha halisi alikuwa na watu wawili. Mmoja, ofisa wa walinzi wa pwani, aliondolewa kwa kukata ukingo. Wa pili, kiongozi wa eneo hilo Charlotte Randolph, alisimama karibu mno. Akafutwa kwa programu. Jarida lilieleza kwamba halikutaka wasomaji wababaishwe na mwanamke wasiyemjua. Kwa kanuni ya chumba cha giza, kumwondoa wa kwanza ni halali na kumwondoa wa pili ni kosa. Kwa msomaji, wote wawili hawapo, na rais ana upweke ambao hakuwa nao. Ndiyo sababu nasema kanuni hii ni nzuri kwa kumbana fundi na dhaifu kwa kumbana mhariri.

*Ukaguzi.* Inawezekana, kwa sharti moja: faili ghafi litunzwe. World Press Photo huwataka wanaofika hatua za juu walete mafaili yao, na mwaka 2015 takriban picha 1 kati ya kila 5 zilizokaguliwa zilitupwa nje. Hawa ni watu waliozijua kanuni vizuri kuliko wasomaji wa makala hii.

Bila faili, unategemea bahati na macho ya watu. Machi 2003 Brian Walski wa gazeti la Los Angeles Times aliunganisha picha mbili za askari wa Uingereza na raia karibu na Basra, Iraki, zilizopigwa kwa kupishana muda mfupi, apate moja yenye mpangilio bora. Mfanyakazi wa gazeti jingine, Hartford Courant, ndiye aliyegundua kwamba kuna raia wanaojirudia nyuma. Walski akafukuzwa. Agosti 2006 Adnan Hajj, mpigapicha wa kujitegemea aliyeiuzia Reuters, aliongeza moshi juu ya Beirut kwa kunakili moshi uliokuwepo. Njia ya mwongo ni fupi, mawimbi yale yale ya moshi yalijipanga kama muhuri, na wasomaji wa mtandaoni wakayaona kabla ya wahariri. Reuters iliondoa picha zake zote 920 sokoni. Angalia hesabu hiyo vizuri: picha chache zenye kosa, 920 zikaondolewa, maana hakukuwa na njia ya haraka ya kumhakikishia mteja kuhusu zilizobaki.

Ila si kila uvunjaji una uzito sawa, hata kama adhabu ni moja. Januari 2014 AP iliachana na Narciso Contreras, aliyekuwa katika kikosi cha wapigapicha kilichoshinda Pulitzer, tuzo ya uandishi wa habari ya Marekani, mwaka uliotangulia, kwa kufuta kamera ya video ya mwenzake iliyoonekana kwenye kona ya picha ya mpiganaji wa Syria. Alikiri mwenyewe. AP ikapitia karibu picha zake 500 na haikupata kosa jingine. Kamera ile haikubadili habari hata chembe. Wako wanaosema adhabu ilizidi. Mimi naona AP ilikuwa inalinda kitu tofauti na picha ile, yaani uwezo wa kusema "kamwe" badala ya "mara chache". Anayechagua njia hii aamue mapema kama yuko tayari kumpoteza mtu mzuri kwa kosa dogo. Asiyekuwa tayari, kanuni yake ni pambo.

*Aliyemo pichani.* Ni kama njia ya kwanza, nafuu kidogo. Uso uliopotea kivulini unaweza kurudishwa. Damu inayopiga kelele inaweza kutulizwa kidogo. Lakini nguvu hiyo hiyo inaweza kumgeuza mtu, kama tutakavyoona.

*Mzigo wa kazi.* Mzito kuliko unavyoonekana. Inahitaji mhariri wa picha mwenye mamlaka, skrini zilizopimwa rangi, hifadhi ya mafaili ghafi, na jicho la pili kabla ya picha kutoka. Gazeti linalotangaza kanuni hii bila kuwa na mtu wa kuisimamia linafuata njia ya nne, isiyo na jina: kila mmoja na roho yake.

Inawafaa magazeti na tovuti zenye dawati la picha, na waandishi wa picha wa makala ndefu ambao sauti yao iko kwenye nuru.

Njia ya tatu: ibadilishwe, itangazwe

Hapa kubadili kunaruhusiwa, alimradi msomaji aambiwe. Ndani yake mna mambo yasiyofanana: picha ya jalada iliyoundwa kwa kuunganisha vitu, uso uliotiwa ukungu kumlinda shahidi, na siku hizi picha zilizotengenezwa na akili mnemba.

*Ahadi kwa msomaji.* Ahadi haiko pichani, iko kwenye maneno yaliyo karibu nayo. Hivyo swali lote ni: maneno yako wapi, na yana ukubwa gani?

Juni 1994 jarida la Time liliweka jaladani picha ya O.J. Simpson, mchezaji maarufu wa zamani wa Marekani aliyetuhumiwa kuua, iliyopigwa na polisi, ikiwa imetiwa giza na msanii Matt Mahurin. Wiki hiyo hiyo Newsweek lilitoa picha ile ile bila kuibadili, yakauzwa pamoja kwenye meza moja. Ngozi ya Simpson kwenye Time ilikuwa nyeusi zaidi, macho yamezama, mtu ambaye kesi yake haijasikilizwa anaonekana amekwisha hukumiwa. Time lilikuwa na lebo: ndani ya jarida, kwa herufi ndogo, liliandika kwamba ni kielelezo kilichotokana na picha. Wapita njia walioliona jalada tu hawakuifikia lebo hiyo. Huko ni kumpaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini pia ni onyo kwa wafuasi wa njia ya pili, kwa sababu kilichofanyika ni kushusha mwanga, kazi ambayo kila chumba cha giza kiliifanya.

Na lebo haisafiri. Mtu akipiga picha ya skrini na kuituma kwa kikundi, maelezo yanabaki nyuma. Dawa ni kuandika ndani ya picha yenyewe, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu, na hata hizo zinaweza kukatwa.

*Ukaguzi.* Njia hii ndiyo inayotegemea teknolojia zaidi. Tangu 2021 muungano wa kampuni na vyombo vya habari uitwao C2PA umekuwa ukitengeneza kiwango cha kuambatisha historia ya picha kwenye faili: ilipigwa kwa kamera ipi, ilihaririwaje. Leica M11-P iliyotoka 2023 ilikuwa kamera ya kwanza kuuzwa ikiwa na uwezo huo. Ni hatua nzuri, ila taarifa hizo huondolewa kirahisi picha inapopakiwa tena kwenye mitandao, na kukosekana kwake hakuthibitishi chochote. Historia hiyo inasaidia aliye mkweli ajitetee, haimkamati mwongo.

*Aliyemo pichani.* Katika kigezo hiki njia hii inaziacha nyingine mbali. Mwanamke aliyetoroka kutoka mikononi mwa waliomteka anaweza kuonekana akisimulia bila uso wake kujulikana, na msomaji akajua wazi kilichofichwa na sababu yake. Tahadhari mbili za kiufundi: ukungu mwepesi na vile viraka vya pikseli wakati mwingine vinaweza kufumbuliwa, kwa hiyo kwa mtu ambaye maisha yake yako hatarini tumia kizibo kizito cha rangi moja, na ondoa taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili, maana haina maana kuficha uso ukaacha anwani.

Lakini ulinzi una mpaka wake. Mwaka 2023 Amnesty International, ambayo si chombo cha habari ila hoja ni ile ile, ilitumia picha za akili mnemba kuonyesha ukandamizaji wa maandamano ya 2021 nchini Kolombia, kwa nia ya kutowaanika waandamanaji. Picha zilikuwa na maelezo kwamba zimetengenezwa. Zikaondolewa baada ya wapigapicha na waandishi kulalamika kwamba zinawapa watesi sababu ya kusema ushahidi wote ni wa kubuni. Kufunika uso wa mtu aliyekuwepo na kuchora mtu asiyekuwepo ni mambo mawili, na lebo moja haitoshi kuyafanya ndugu.

*Mzigo wa kazi.* Wa kati. Kubadili ni rahisi. Kazi ni kuwa na maneno ya kudumu ya lebo, mahali pake pa kudumu, na mtu wa kuhakikisha mwandishi wa mitandao ya kijamii hakuipakia picha bila lebo saa sita za usiku.

Inawafaa majarida ya makala, majalada, na habari za uchunguzi zenye watu wa kulindwa.

Picha moja, njia zote tatu

Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid. Picha moja ya Pablo Torres Guerrero wa gazeti la El País ilizunguka dunia: majeruhi kando ya reli, behewa lililopasuka, na chini, mbele kabisa, kiungo cha mwili wa binadamu chenye damu.

Mfuasi wa kutogusa ana chaguo la kuichapa ilivyo, kukata sehemu ya chini na kupoteza nusu ya tukio, au kutafuta fremu nyingine. Mfuasi wa chumba cha giza ana chaguo hizo zote na moja zaidi: kushusha rangi. Guardian la London lilifanya kitu karibu na hicho, likageuza wekundu wa kiungo kuwa kijivu ili kisirukie macho. Wengine wakasema kijivu hicho kilishavuka mpaka. Magazeti mengine ya Uingereza yalikifuta kabisa, kokoto za reli zikajazwa mahali pake. Mfuasi wa njia ya tatu angeweza kukifunika na kuandika chini kwamba kimefunikwa.

Waliofuta kimya kimya ndio hawana makazi katika njia yoyote kati ya hizi, na bado ninaielewa nia yao: ni picha ya asubuhi, mezani kuna watoto, na mwenye kiungo kile ana ndugu. Swali walilopaswa kujiuliza si kama kiungo kionekane, bali kwa nini picha hiyo, wakati zilikuwepo nyingine. Kila mara nilipoona picha inahitaji kufutwa kitu ndipo ichapike, nimegundua kwamba mtu fulani aliipenda mno kiasi cha kushindwa kuiacha.

Kwa hali yako

Kama unauza picha kwa mashirika, fuata njia ya kwanza na utunze mafaili ghafi hata kama hutumwi kuyaleta. Siku ya kutuhumiwa ndiyo siku utakayoyahitaji.

Kama mko watatu ofisini na hakuna mhariri wa picha, msiige kanuni za gazeti kubwa. Kutogusa kutawagharimu picha kadhaa zenye giza, ila mtaweza kuitimiza.

Kama mna dawati la picha, njia ya pili ni yenu, ila ongezeni sentensi mbili ambazo mara nyingi hukosekana. Moja kuhusu rangi: rekebisho lolote linalobadili saa ya siku, hali ya hewa au rangi ya ngozi linahitaji idhini ya mtu wa pili. Nyingine kuhusu kingo: kabla ya kumkata mtu, jina lake na sababu ya kumkata viandikwe. Pale Davos, dakika moja ya kuandika jina la Nakate ingetosha.

Kama ni jalada la jarida, njia ya tatu, lebo ikiwa juu ya jalada lenyewe. Ila picha ya tukio la habari isiunganishwe hata kwa lebo. Chora kabisa, ionekane ni mchoro.

Kama unashughulika na watu walio hatarini, anza kwa kamera: mgongo, mikono, kivuli. Ukishindwa, funika na useme umefunika.

Kama unapokea picha kutoka nje, iwe ofisi ya mawasiliano, familia maarufu au mpita njia, kanuni yako inaifuata picha hiyo hata kama hukuipiga wewe. Machi 2024 mashirika ya AP, AFP, Reuters na Getty yalilazimika kuwaambia wateja waifute picha ya Kate, mke wa Mwanamfalme William wa Uingereza, na wanawe ambayo mashirika hayo yalikuwa yameshaisambaza, baada ya kuona mikono ya nguo isiyokutana vizuri. Kesho yake akaomba radhi kwa kuihariri. Omba faili halisi kabla; usipopewa, msomaji aambiwe picha imetoka kwa nani.

Na kama kazi yako ni maktaba ya picha, wewe ndiye unayesahaulika katika mijadala hii yote. Mwaka 1970 John Filo alimpiga picha msichana akilia juu ya mwili wa mwanafunzi aliyepigwa risasi katika chuo cha Kent State nchini Marekani, na nguzo ya uzio ilionekana kana kwamba inachomoza kichwani mwa msichana. Mtu mmoja, ambaye jina lake halijulikani, aliifuta nguzo hiyo chumba cha giza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jarida la Life lilipoichapa tena mwaka 1995 na wasomaji wakauliza nguzo imekwenda wapi, wahariri walitafuta wakagundua kwamba hawakugusa kitu: waliletewa nakala hiyo na maktaba yao wenyewe, na majarida mengine yalikuwa yameichapa hivyo hivyo kwa miaka mingi bila mtu kushtuka. Nakala iliyobadilishwa iandikwe hivyo nyuma yake, kwa wino usiofutika, na ihifadhiwe kabati tofauti na ile halisi.